Nyama Ndani ya Tuta

Mimi si mwoga. Nyoka nimeua kwa mwiko wa ugali, na mwizi wa kuku nimemkimbiza nikiwa na mimba ya mapacha. Lakini tuta la bwawa langu likianza kutoa maji mahali pasipostahili, naogopa. Asiyefuga samaki hawezi kunielewa. Yeye akitazama bwawa anaona maji yametulia. Mimi naona uzito mkubwa umelala nyuma ya udongo, na siku udongo utakapochoka, hakuna wa kuuzuia.

Bwawa lilichimbwa na baba mkwe, Mungu amrehemu, kwa ajili ya ng'ombe. Alikuwa mtu wa kupenda makubwa, akainua tuta pana kiasi kwamba watu wawili waliobeba kitanda wangeweza kupita juu yake bila kutazama chini. Ng'ombe waliisha, naye akaondoka, bwawa likabaki. Nilipoolewa nikatia humo vifaranga vya perege, na tangu hapo bwawa ni langu kuliko hata jiko. Kila asubuhi nawatupia pumba, na kwa namna wanavyoigombea najua kama maji yana afya. Majani ya juu ya tuta nafyeka mwenyewe. Kila mche wa mti nang'oa ungali mchanga, maana mzizi ukioza ndani ya tuta unaacha tundu, na maji yakishaona tundu hayaombi ruhusa.

Mume wangu, ambaye kila mtu anamwita Baba Mapacha, hana habari na samaki. Samaki kwake ni chakula cha wagonjwa. Yeye ni mtu wa nyama ya porini: kanga, sungura, ndezi, na zaidi ya wote nungunungu. Simlaumu, nyama yake tumeila na kulamba vidole, na kuna ugomvi zaidi ya mmoja nilioumaliza mdomo ukiwa umejaa ndezi wa kuchoma. Lakini mapenzi yake kwa nungunungu yalipita kiasi. Akimtaja, sauti yake inalainika namna ambayo mimi sijaisikia tangu siku za uchumba.

Mwisho wa kiangazi, maji yalipokuwa yamepungua, muhanga alikuja kutafuta mchwa akachimba shimo upande wa nje wa tuta, kisha akaenda zake. Shimo la muhanga si mchezo, mtu mwembamba anaingia kwa tumbo. Haukupita muda nikaokota mwiba mweusi wenye pete nyeupe pale mlangoni, nikajua shimo limepata mpangaji.

"Lizibe leo," nilimwambia Baba Mapacha.

Alikuwa amekaa kizingitini anakula muhogo. "Nizibe nyama yangu? Mwache anenepe. Wengine wana friji, mke wangu, sisi tuna tuta."

"Anachimba tuta langu."

"Analala tu. Anakula mihogo ya jirani, analala kwetu. Hebu nionyeshe mpangaji mwema kuliko huyo."

Nikacheka. Hiyo ndiyo shida ya kuolewa na mtu mcheshi, unacheka kabla hujamaliza kukasirika. Nilirudia maneno yale tena na tena, naye kila mara ana jibu lake, hadi yakawa mambo ya nyumbani kabisa: mimi nasema shimo, yeye anasema friji, mama mkwe anatuambia tunyamaze ale kwa amani. Jirani akipita na kutusikia alikuwa anauliza tu, "Bado mnabishana habari ya nungunungu?"

Mvua zikaja kwa fujo. Bwawa lilijaa hadi maji yakafika mahali ambapo sikuwa nimeyaona tangu niolewe. Asubuhi moja, watoto walipokwisha kwenda shule, nilishuka nyuma ya tuta nikakuta udongo chini ya lile shimo umeloa. Haikuwa mvua, maana mvua huloesha kote. Pale palikuwa pameloa peke yake, upana wa mkeka. Nilipokanyaga, mguu ulizama hadi kifundoni. Nikamwita mume wangu kwa sauti iliyomfanya mbwa ajifiche chini ya kibanda cha pumba.

Alikuja, akachuchumaa, akaushika udongo. Hakusema neno la mzaha, na hapo ndipo nilipoogopa hasa.

"Tuzibe sasa hivi," nikasema. "Mawe yapo, udongo wa mfinyanzi upo."

"Tukimfungia ndani atachimba atokee kwingine." Alisema polepole, anatazama lile shimo. "Na kwingine ni wapi? Nyuma yake ni maji."

Alikuwa sawa. Mnyama aliyefungiwa, au aliyetiwa moshi, angepasua ule udongo uliobaki kati ya chumba chake na bwawa, na ukishapasuka tungekuwa na mto, si bwawa. Kwanza atoke, ndipo shimo lizibwe. Na nungunungu hatoki kwa kubembelezwa.

"Nitaingia," akasema.

"Humo?"

"Si mara ya kwanza kuingia shimoni."

"Ni mara ya kwanza kuingia shimo lenye bwawa mgongoni."

Mama mkwe alikuwa amekwisha fika na kamba begani. Miaka yote ya ndoa yake alikuwa akimshikia kamba baba mkwe, ambaye naye alikuwa na ugonjwa huohuo wa nungunungu. Alipiga magoti kwenye tope, yeye ambaye kuinuka kuchukua chumvi ni malalamiko ya nusu siku, akamfunga mwanawe kifundo cha mguu kwa fundo la pindo mbili.

"Kushika kamba kuna taratibu zake," aliniambia. "Haifungwi kwenye mti, mti hausikii. Inashikwa na mtu, mikono yote miwili. Akivuta mara moja, yuko salama, mwachie kamba. Akivuta mara mbili, mtoe. Na usizungumze na watu."

"Watu gani, Mama? Tuko sisi tu."

"Basi usizungumze na mimi."

Baba Mapacha alivua shati, akajifunga tochi kichwani, akachukua mkuki wake mfupi. Alinitazama kama anayetaka kusema jambo la kunichekesha, kisha akaacha. Alilala kifudifudi akaanza kuingia, kichwa, mabega, kiuno, na mwisho nyayo zake, zilizopasuka visigino kwa sababu hataki mafuta ninayomnunulia. Kisha shimo likawa tupu na kamba ikaanza kutembea mikononi mwangu.

Sijui niieleze vipi kazi ile. Mtu wako yuko ndani ya ardhi na unachojua juu yake ni kamba tu. Kamba ikitembea, anatambaa. Kamba ikisimama, moyo nao unasimama. Shimo lilikuwa na kona, na alipoipita hata mwanga wa tochi haukuonekana tena. Nilimwita kwa jina lake la utotoni, ambalo silitumii mbele ya watu. Sauti yangu iliingia ikamezwa palepale.

Ukaja mvuto mmoja. Yuko salama. Nilimwachia kamba, nikasikia machozi yananitoka, nikajiambia ni upepo.

Ndipo nikaona maji.

Yalikuwa yakichuruzika sakafuni mwa shimo, kidogo sana, upana wa kidole, yakipita kati ya miguu yangu. Kuna jambo moja ambalo kila mwenye bwawa analijua. Tuta likitoa maji meupe, linatoa jasho tu, unaweza kulala. Likitoa maji yenye tope, udongo wa ndani unaondoka, tuta linaliwa. Niliinama nikayatazama yale maji. Yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

"Mama," nikasema, "avute lini mtu wa nje?"

"Nini?"

"Alama ya mimi kumwambia yeye atoke. Ni mivuto mingapi?"

Mama mkwe alinitazama, na nikaona uso wake unabadilika, unakuwa wa mtu mzee sana. Hapakuwa na alama hiyo. Alama zote zilikuwa za aliye ndani kumwambia aliye nje, tangu enzi za baba mkwe na baba yake. Mashimo yao yote yalikuwa ya vichakani na vichuguuni. Huko hatari ilikuwa ndani, kwa mnyama na miiba yake. Hakuna aliyewahi kufikiria kwamba mshika kamba ndiye angeiona hatari kwanza.

Nikavuta. Nilivuta mara mbili, nikidhani atafahamu. Kamba ikakaa kimya, kisha akanijibu mvuto mmoja: niko salama.

Nikavuta tena, kwa nguvu. Akanivuta na yeye, kwa nguvu vilevile, kama mtu anayenyang'anywa shuka.

"Mama, hataki."

"Vuta, mwanangu."

Nilichimbia visigino kwenye tope nikavuta kwa mwili mzima, naye mama mkwe akanishika kiunoni akavuta. Maji yalikuwa yameongezeka, sasa upana wa kiganja, na yalikuwa mazito. Nilipiga kelele mdomoni mwa shimo hadi koo likauma. Kamba ikabishana nasi kidogo, ikatetemeka, halafu ghafla ikawa nyepesi. Tulianguka chali sote wawili. Ilitoka yote, haraka, ikinijia mapajani, na mwishoni mwake lile fundo la mama mkwe lilikuwa limefunguliwa vizuri, kwa vidole.

Alikuwa ameifungua mwenyewe.

Nimewahi kuogopa maishani. Niliogopa mapacha walipochelewa kulia. Lakini si kama nilivyoiogopa ile kamba tupu. Mama mkwe aliiokota akaipapasa ile ncha, akaipapasa tena.

Nikawaza bomba la kutolea maji. Lipo, lakini ni jembamba, lilitengenezwa kwa ajili ya kukausha bwawa taratibu wakati wa kuvua, na hadi lishushe maji kwa urefu wa mkono jua lingekuwa limezama. Nikawaza kuita jirani, na jirani yuko ng'ambo ya mihogo yake. Kisha nikawaza jambo ambalo mwenye bwawa hapaswi kuliwaza.

Nilikimbia kibandani nikachukua jembe. Nilipanda juu ya tuta nikakimbia hadi pembe ya mwisho, ambako tuta ni jembamba na chini yake ni bonde letu la nyasi, hakuna nyumba wala mtu. Pale nilipokuwa nikikanyaga kwa adabu miaka yote, nikasimama nikaanza kulima. Sikuwa na mpango wa mfereji. Nililima kama mwendawazimu, udongo unanirukia usoni, majani niliyoyafyeka kwa mkono wangu yanaruka na mizizi yake. Nilikuwa nasema kitu, sijui ni dua au ni matusi. Nadhani vyote viwili.

Maji yalipita kwanza kwenye alama ya jembe kwa aibu, kijito cha kuosha mikono. Nikapanua. Yakaanza kuukwangua udongo yenyewe, na hapo nilijua kazi yangu imekwisha, maana maji yakianza hivyo hayahitaji jembe. Kingo zikaanza kudondoka vipande vipande. Niliruka nyuma, na tuta la baba mkwe likafunguka kwa kishindo nilichokisikia miguuni kabla ya masikioni. Bwawa langu likaanza kumwagika bondeni, na perege wangu nao, wanang'aa ubavu kwa ubavu, wale wakubwa niliokuwa nikiwajua kwa sura. Sikuwatazama. Nilitazama ukingo wa ndani, pale penye shimo, nikiomba maji yashuke. Yakashuka. Niliuona udongo mbichi unatokeza, mkanda mweusi unaokua, na katikati yake tundu jipya, bado linadondosha vipande.

Niliporudi chini, mama mkwe hakuwepo.

Nilimwita. Kisha nikaziona nyayo zake mdomoni mwa shimo, moja ina kandambili, nyingine haina. Mama mzima, na magoti yake, alikuwa ameingia kwa tumbo hadi visigino. Niliona kifo cha watu wawili mahali ambapo nilikuwa nimekiogopa cha mmoja.

"Mama!"

Sauti yake ilitoka mbali, imezibwa na udongo. "Nimempata mguu. Nivute mimi."

Nilimshika vifundo vyote viwili. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani, lakini nyuma yake kulikuwa na uzito usiotaka kusogea. Nilivuta polepole, nikiogopa asimwachie, nikiogopa nisimvunje, nikiogopa kila chembe ya udongo iliyokuwa ikimdondokea mgongoni. Alisogea shibiri. Nikavuta. Kikatokea kiuno chake, kanga yake imejaa tope, kikatokea kichwa, na mikono yake miwili imefungana kwenye kifundo cha mguu wenye kisigino kilichopasuka. Nikauruka mwili wake nikashika ule mguu na mimi, na sasa tukavuta wote, hadi shimo likakohoa, likamtoa mume wangu kinyumenyume akiwa amepakwa udongo wote, hata meno.

Hakuwa akipumua. Au alikuwa akipumua na mimi sikuona, sijui. Nilimgeuza ubavu nikamtia kidole kinywani nikatoa tope, nikampiga mgongoni kwa kiganja. Nilimpiga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Alitapika maji ya rangi ya chai, akavuta pumzi kwa sauti mbaya, akatapika tena. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye tope kando yake, mikono bado imekunja vidole kana kwamba bado imeshika, anarudia neno moja tu, "Haya. Haya. Haya."

Nyuma yetu dari la shimo likashuka. Halikupiga kelele, lilikaa tu chini, na mdomo wa shimo haukuwepo tena. Sote watatu tulilitazama.

Baadaye alieleza. Nungunungu alipoona mwanga hakumgeukia. Alimpa mgongo na miiba yake akaanza kuchimba kwenda mbele, kuelekea kwenye maji, kama Baba Mapacha mwenyewe alivyosema angefanya. Mume wangu akajisogeza amwahi. Chini palikuwa pameloa tangu mwanzo, kwa hiyo maji yalipoongezeka hakuyatilia maanani. Kisha mbele kukafunguka, mnyama akapotea, tochi ikazimika, na udongo wa juu ukamlalia mgongoni. Aliyasikia maji yakimpanda kidevuni, mdomoni, puani. Halafu, asijue kwa nini, yakaacha kupanda, na kitu kikamshika mguu.

Hayo aliyasema jioni. Pale kwenye tope nilikuwa na swali moja tu, na sikumngoja hata apanguse macho.

"Kwa nini ulifungua kamba?"

Alikohoa. Alitazama mama yake, akanitazama mimi. "Si ulikuwa unanivuta."

"Ndiyo, nilikuwa nakuvuta."

"Nilidhani ni ule ubishi wetu." Alisema kwa sauti ndogo, mtu anayeona maneno yake mwenyewe yakimtoka. "Nilidhani umekasirika tu, unataka nitoke tuanze tena habari za kuziba. Nikaona nijikunje niifungue, nimalize kazi, halafu nije nikusikilize vizuri."

Mama mkwe alifunika uso kwa kanga yenye tope.

Mimi ni mtu wa hasira, na hasira ilikuwa haki yangu siku ile. Niliitafuta. Bwawa lilikuwa limebaki dimbwi, samaki wangu walikuwa wanapigapiga mikia nyasini, na huyu mtu alikuwa amelala mbele yangu akiniambia kwamba miezi yote ile nilipomwambia naogopa, yeye alisikia mke anayependa kubishana. Nami nilikuwa nikicheka. Niliogopa huku nacheka, naye akachukua kicheko. Hasira haikuja. Kilichokuja ni ule woga, wote, ambao nilikuwa sijapata nafasi ya kuuogopa vizuri.

Nilikaa kwenye tope nikamshika kifundo cha mguu, kwa mikono yote miwili. Mama mkwe aliinuka akaenda kuokota samaki waliokuwa hai bado. Jirani alifika akauliza kulikoni, akajibiwa na mama mkwe. Baba Mapacha alingoja, akangoja, mwishowe akasema taratibu, "Mama Mapacha, achia sasa, unaniumiza."

Nilimwambia avumilie.